Mhadhara Urudi Mtaani

Mkaazi wa Kayole akitaka kusikiliza mhadhara wa jioni pale Taifa Hall, Chuo Kikuu cha Nairobi, itambidi aombe ruhusa ya kutoka kazini mapema, apande matatu hadi mjini, kisha akate katikati ya jiji kwa miguu mpaka University Way. Langoni askari atataka kitambulisho na kumuuliza amekuja kumwona nani. Tangazo lilisema mhadhara ni wa umma na kiingilio ni bure. Akishaingia ataketi nyuma, pamoja na wanafunzi walioletwa na mwalimu wao, na kusikiliza saa nzima ya Kiingereza cha vitabuni. Wakati wa maswali ukifika, mwenye kipaza sauti atatangaza kwamba muda umeyoyoma, maswali ni matatu tu. Kufikia hapo mtu wetu ameshaanza kutazama saa. Mvua ikinyesha, Jogoo Road itafungana na nauli itapanda. Anainuka kabla ya swali la pili kuulizwa.

Mimi ni mpenzi wa mihadhara hiyo. Mengi ninayoyajua kuhusu nchi yangu sikuyapata darasani, niliyapata kwenye viti vya nyuma vya kumbi kama hizo, na kwenye filamu zilizoonyeshwa bure kisha zikajadiliwa. Kwa sababu naipenda, nataka ifike kwetu Eastlands, mashariki ya jiji. Wala siombi hisani. Nazungumzia deni.

Eastlands imeandikwa sana. Wakaazi wa Mathare na Dandora wamezoea kuona kijana amebeba mkoba na fomu za maswali: mnakula mara ngapi, maji mnanunua wapi, polisi waliwahi kuwasimamisha? Watu huacha kufua, wakajibu. Mgeni hushukuru, akaenda, na shahada yake ikapatikana. Ni wachache mno wanaorudi kusema walichokipata. Mfano mmoja hunikaa moyoni. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alizungumza na wanawake wazee wa Pumwani na mitaa ya karibu katika miaka ya 1970. Walimweleza maisha ya ukahaba wa enzi za mkoloni, mambo ambayo pengine hawakuwahi kuwaambia hata watoto wao. Kitabu chake, The Comforts of Home, kilichapishwa Chicago mwaka 1990, na kikawatazama wanawake hao kwa heshima ambayo serikali na majirani hawakuwapa. Kilionyesha kwamba fedha zao zilijenga nyumba, zikasomesha, zikaokoa mashamba ya baba zao huko mashambani. Ni kimoja kati ya vitabu muhimu kuhusu Nairobi. Lakini simulizi ile ilitoka vibarazani mwa Pumwani, na ni Pumwani ambako ilipaswa kusomwa kwa sauti, mbele ya wajukuu, ili mwenye kubisha abishe na mwenye kulia alie.

Mtu asije akaniambia hatuna mahali. Kumbi za Eastlands ni kongwe kuliko vyuo vikuu vyetu vyote. Pumwani Memorial Hall ni wa miaka ya 1920, ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa jasho la wafungwa wa kivita wa Kiitaliano miongoni mwa wengine, una ukumbi ambao siasa za uhuru zilinguruma ndani yake wakati ambapo Mwafrika hakuwa na bunge lingine. Tom Mboya na wenzake hawakuusubiri umma uende kuwatafuta. Waliufuata ulipokuwa, jioni, baada ya kazi, kwa Kiswahili ambacho mpagazi wa reli na karani wa baraza la jiji waliweza kukielewa pamoja.

Tuna maktaba pia. Maktaba ya McMillan ilipofunguliwa mjini mwaka 1931, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Miaka ya karibuni shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na serikali ya kaunti kuifufua McMillan pamoja na matawi yake mawili, na matawi hayo yote yako kwetu: Kaloleni na Makadara. Kazi hiyo imetengenezewa filamu, How to Build a Library, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2025. Matawi hayo mawili ndiyo yaliyotangulia kukarabatiwa, na McMillan ikabaki inasubiri. Hilo linanifurahisha, kwa sababu kwa kawaida sisi ndio husubiri.

Vyuo navyo viliwahi kutoka. Katika miaka ya 1960 wanafunzi wa Makerere walizunguka na jukwaa lao la kusafiri, wakiigiza bila malipo mahali ambapo watu hawakuwa na tikiti wala ukumbi. Nairobi ikafuata mkondo huo katika muongo uliofuata. Kisha ikaja zamu ya kijiji cha Kamirithu, Limuru. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, walipeleka mswada wa tamthilia kwa wakulima na wafanyakazi wa kiwanda, na wanakijiji wakausahihisha. Walirekebisha lugha, wakarekebisha nyimbo, wakasema mzee hazungumzi hivi na kiwandani hapafanywi vile. Tamthilia ilipigwa marufuku mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa siku ya mwisho ya mwaka huo na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na ukumbi wa wazi ukabomolewa mwaka 1982. Tunapoisimulia habari hii husimama sana kwenye kizuizi. Mimi husimama kwenye kule kusahihishwa. Profesa alikubali kuambiwa na mtu asiye na cheti kwamba hapa umekosea, na kazi ikawa bora. Idara zetu nyingi hazijathubutu tena kukaa mahali ambapo jambo hilo linaweza kutokea.

Upande wa filamu, mtaa uko mbele ya chuo. Kabla ya simu kujaa picha, watoto wa Eastlands walisomea sinema katika mabanda ya video: mabati, benchi, televisheni moja, na sauti ya DJ Afro ikieleza filamu ya Hong Kong au ya Bombay kwa Kiswahili cha Nairobi. Alitafsiri, akaongeza utani, akampa jambazi jina la kwetu, akaeleza kwa nini mama yule analia. Watazamaji walimjibu kwa kelele. Atakaye kujua namna ya kumtambulishia mtu filamu iliyotoka mbali na ikamwingia aende akajifunze hapo. Vijana wa Mathare nao, kupitia Slum-TV iliyoanzishwa mwaka 2006, walipiga picha maisha ya mtaa wao na kuwaonyesha majirani hadharani, kwa hiyo habari za uchaguzi na za mafuriko watu waliziona wakiwa wamesimama karibu na mahali zilipotokea.

Nilishuhudia nguvu ya filamu kuonyeshwa mtaani jioni moja katika ukumbi wa mtaa. Filamu ilihusu Hali ya Hatari ya enzi za mkoloni, na mhadhiri aliyeiambatisha na maelezo alizungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Alieleza Operesheni Anvil: jinsi majeshi ya Mwingereza yalivyouzingira mji alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, yakaingia mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba, yakawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru, na kuwapeleka watu zaidi ya 20,000 Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Alieleza habari za gakunia, msaliti aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, akitikisa kichwa tu kuamua nani achukuliwe. Maelezo yalikuwa safi, ya mtu aliyezisoma nyaraka.

Mzee mmoja akainua mkono. "Daktari, kwa hisani yako. Hapo umeruka kitu."

"Endelea, mzee."

"Umewaeleza waliochukuliwa. Sisi watoto je? Baba aliondoka na lori, mama akaondoka na lori lingine. Mimi niliambiwa nikae kimya kwa jirani, mama wa Kijaluo. Askari alipouliza, yule mama akasema huyu ni wangu. Nimekula kwake mwezi mzima. Hilo liko kwenye kitabu chako?"

Mhadhiri alisema haliko. Kisha akatoa kalamu na kuomba mzee arudie polepole.

Kutoka hapo ukumbi haukushikika tena. Mama mmoja aliuliza kuhusu watu wa gunia, kwa sababu watoto wao nao tumesoma nao na tunazikana nao, na hakuna anayethubutu kulisema. Wengine walimtaka aketi, wengine wakasema mwacheni. Kijana mmoja alitaka kujua kuhusu fidia: kama Uingereza ilikubali mwaka 2013 kuwalipa Wakenya 5,228, mbona nyanya yake hakupata kitu? Mhadhiri alieleza kwamba fedha zile, pauni milioni 19.9, zilitokana na kesi ya watu walioteswa, ikasaidiwa na ushahidi wa wanahistoria na masanduku ya nyaraka za kikoloni ambazo Uingereza ilikuwa imezificha Hanslope Park hadi zilipofichuliwa mwaka 2011. Aliyepoteza nyumba, au aliyetenganishwa na mama yake, hakuwa katika hesabu ile. Kijana hakuridhika, na sidhani alipaswa kuridhika. Lakini alielewa sasa kwamba nyaraka zina nguvu ya kumfikisha mtu mahakamani London. Aliuliza mtu anasomea wapi kazi ya kutunza nyaraka.

Mtu anaweza kusema haya yote yako kwenye simu siku hizi. Yako, na ni vizuri yako. Aprili 2025 onyesho la filamu ya BBC, Blood Parliament, kuhusu waliopigwa risasi nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024, lilifutwa jijini Nairobi, na watangazaji wakasema walishinikizwa na wakuu. Wakenya waliitazama kwenye simu zao, kwa wingi. Hata hivyo mtu aliyeitazama kitandani alibaki na hasira yake peke yake. Hakuwa na mzee wa kumwambia kwamba mitaa hii ilishawahi kuzingirwa, wala mama wa kumuuliza kama amekula. Serikali zinazoogopa maonyesho ya hadharani zinajua tofauti hiyo vizuri.

Kuhusu lugha nitasema kidogo. Wahadhiri wengi huniambia istilahi zao hazina Kiswahili. Mtaalamu wa isimu Chege Githiora aliandika kitabu kizima kuhusu Sheng mwaka 2018, lugha iliyokuzwa katika mitaa hii hii, na ndani yake utaona jinsi vijana wa Eastlands wanavyoweza kulibeba wazo lolote wakilitaka. Mtu aliyejifunza jambo kwa miaka ishirini na hawezi kulieleza kwa mama mboga bado ana kazi ya kufanya, na mama mboga atamsaidia kuifanya.

Kuna kizuizi kingine ambacho wakaazi hawakioni. Mhadhiri kijana anayepanda cheo anahesabiwa makala alizochapisha, vitabu, na wanafunzi wa uzamili aliowasimamia. Jumamosi aliyoitumia Makadara haina safu kwenye fomu hiyo. Nimezungumza na baadhi yao. Wako tayari, wana familia, wana madarasa yenye wanafunzi mia tatu, na chuo hakiwapi hata nauli. Wanaokuja huja kwa mapenzi, na mapenzi huchoka.

Kwa hiyo ombi langu kwa mabaraza ya vyuo ni dogo na linawezekana muhula ujao. Ongezeni safu hiyo kwenye fomu. Kila utafiti uliofanywa Mathare, Pumwani, Korogocho au Dandora kwa idhini yenu usikubaliwe kuwa umekamilika mpaka uwe umesomwa mbele ya waliohojiwa, kwa Kiswahili, na maswali yao yakaandikwa mwishoni mwa tasnifu pamoja na majibu. Wakaazi wa Mathare walishaonyesha kwamba hili si gumu: kituo chao cha haki za kijamii, MSJC, kilikusanya chenyewe visa vya vijana waliouawa na polisi na kutoa ripoti mwaka 2017, kazi iliyofanywa na watu wanaozifahamu familia hizo kwa majina. Na kaunti ishushe ada ya kukodi kumbi kwa kazi za namna hii, iweke taa za barabarani kati ya ukumbi na kituo cha matatu, kwa sababu akina mama hawatakaa kusubiri swali la mwisho kama njia ya kurudi nyumbani ni giza. Mhadhara ukianza saa nane mchana siku ya Jumapili, watu wakishatoka kanisani na kula, viti vya plastiki vitajaa. Chai tutapika wenyewe.