Kipawa Kisichopimwa kwa Mizani

Wapenzi katika Kristo mlioko Kibaigwa,

Sokoni kwenu mahindi hupimwa kwa mizani, na kila gunia lina bei yake. Lakini kiko kipawa ambacho hakuna mizani iwezayo kukipima: ni sehemu ya mwili aitoayo mtu ili mwenziwe apate kuishi.

Mungu amempa mtu figo mbili za kuisafisha damu, na mwenye afya njema aweza kuishi kwa moja. Bali mgonjwa ambaye zake zote zimeshindwa kazi hana budi kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kila juma, asipopata figo ya mwingine. Kazi ya kupandikiza figo ilianza Muhimbili mwaka 2017, na mwaka 2018 ikaanza karibu nanyi, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Walakini wengi huogopa, wakidhani viungo vyao vitauzwa. Tusiwacheke. Zamani za ukoloni wazee wetu walinong'onezana habari za mumiani, waliosadikiwa kuwakamata watu usiku na kuitwaa damu yao. Uvumi ule haukuwa kweli, lakini hofu ile ilikuwa na shina: watu walitozwa kodi na kushurutishwa kazi, wala hawakuelezwa neno.

Basi hofu ya namna hii haiondolewi kwa kukemea, bali kwa kusema kweli. Mtume Paulo, aliyefika kwa Wagalatia akiwa dhaifu wa mwili, awashuhudia ya kuwa, kama ingaliwezekana, wangalimpa hata macho yao. Hakuwaamuru wala hakuwalipa. Upendo ndio uliowasukuma.

Kwa hiyo, enyi waalimu wa Injili, jamaa wakiwajia na shauri hili, msiwashurutishe wala msiwazuie. Fuataneni nao kwa tabibu. Aulizwe wazi hatari za kupasuliwa, na jinsi mtoaji atakavyoangaliwa baadaye. Tena mtoaji apewe nafasi ya kusema peke yake, mbali na masikio ya ukoo. Akikubali, ombeni pamoja naye. Akikataa, mtu asimwite mchoyo, kwa maana kitolewacho kwa shuruti si sadaka tena. Na mtu akitaja fedha, ondokeni. Figo ya ndugu si gunia la mahindi.

Bwana wetu, aliyejitoa kwa hiari yake mwenyewe, awajalie upendo na kweli. Amina.