Popote Mwajiri Atakapoelekeza

Tunasema ahadi ni deni. Shida ni kwamba deni la mdomo lina mashahidi wachache.

Chukua kisa cha rafiki yangu. Kwenye interviu aliambiwa, “Sisi hapa tunafanyia kazi nyumbani, muhimu ni intaneti.” Mshahara ulikuwa mdogo kiasi, lakini si ataokoa nauli? Akaachia keja yake Kasarani, akarudi Kitale kwa mamake, ambaye siku hizi haoni vizuri. Miezi minane baadaye ikaja barua pepe: kila mtu ofisini, Nairobi, siku tano kwa wiki. Akafungua mkataba. Mahali pa kazi: Nairobi, au popote mwajiri atakapoelekeza.

Hiyo “popote” ni ya mwajiri, si yako.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba wa maandishi utaje mahali pa kazi. Pakibadilika, mwajiri anafaa kushauriana nawe, aurekebishe mkataba na akujulishe kwa maandishi. Poa. Lakini kama karatasi ilisema Nairobi tangu siku ya kwanza, kukuita Nairobi si mabadiliko. Kwa karatasi, wewe ndiye ulikuwa umetembea Kitale. Ni kweli sheria inatambua hata mkataba wa mdomo, ila mdomo ukigongana na karatasi uliyotia sahihi, una kibarua.

Je, mtu wa HR alidanganya? Sidhani. Alisema “tunafanyia”, na siku hiyo ilikuwa kweli. Rafiki yangu akasikia “tutafanyia”. Kati ya -na- na -ta- mtu amehamisha maisha yake.

Wengine watasema basi hakuna ahadi iliyovunjwa. Mimi nakataa. Ukitumia neno kumvuta mtu akubali mshahara mdogo, ukajua atalipangia maisha, umeahidi, hata kama sarufi inakutetea. Kampuni ina haki ya kubadilisha mawazo, biashara hubadilika. Kisicho haki ni faida ya ahadi kugawanywa na hasara ya kuivunja kubebwa na mmoja. Kampuni iliokoa kwenye mshahara. Sasa nani anatafuta deposit ya nyumba Nairobi, na nani anabaki na mama?

Kuna dawa rahisi: iandikwe kwenye mkataba, au iambatanishwe na maneno mawili, “kwa sasa”. Hayo mawili hayagharimu chochote, na yangemwezesha mtu kuamua akijua.

Utaniambia ni wewe uombe iandikwe. Omba, ndiyo. Jibu lao litakufunza mengi. Lakini ukiwa umekaa miezi kadhaa bila kazi, na nje kuna foleni ya wenye digrii, kuuliza swali moja zaidi ni anasa. Kifungu cha 9 cha sheria hiyohiyo kinampa mwajiri jukumu la kuuandaa mkataba. Yeye ndiye mwenye kalamu. Alichokisema kwa mdomo na akakataa kukiandika, bado anadaiwa.