Mshono Uliopinda: Tuufumue au Tuuache?



Mama yangu mzazi alipofariki, tulikuta katika sanduku lake la bati tandiko la viraka ambalo hakulimaliza. Lilikuwa upande wa juu tu: vipande vya sare za shule, vitenge na mashati ya marehemu baba, vimeunganishwa kwa mkono. Halikuwa na bitana. Mistari ilipinda, na pembe moja ilifura kama chapati.

Mama watoto, ambaye ni fundi wa cherehani, alichukua wembe akaanza kufumua. Nilipoingia na kuona hivyo nilikasirika. "Hiyo ni kazi ya mama!" nikamwambia. Akanijibu, "Baba watoto, nikiimalizia ilivyo, itararuka ikifuliwa mara moja." Nikalirudisha tandiko sandukuni. Kwa siku mbili tulisalimiana tu.

Je, ndugu msomaji, nani kati yetu alikuwa na haki?

Mimi nilidhani namheshimu mama. Lakini mama hakushona ili panya wale. Alishona ili mtu asilale kwa baridi. Kuifungia kazi yake sandukuni ni kuikataa kwa adabu. Hapo mke wangu alinishinda. Lakini naye alikosea. Kitambaa kikuukuu kikifumuliwa hubaki na matundu ya sindano, na nyuzi za ukingoni huchomoka. Tena, kama angenyoosha yote, lingekuwa tandiko lake yeye, nasi tungewadanganya watoto kwamba ni la nyanya yao.

Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, wanawake wazao wa watumwa walishona matandiko kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili jamaa zao wapate joto. Mistari mingi haikunyooka. Mwaka 2002 matandiko hayo yalionyeshwa katika jumba la makumbusho huko Houston, kisha New York. Hakuna aliyeyanyoosha kwanza.

Jioni ya tatu tulilitandaza letu mezani, tukaulizana juu ya kila kasoro: "Pakiachwa hivi patararuka, au ni macho yangu tu yanayosumbuka?" Mishono iliyoachia tuliishona upya, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Palipochakaa tulitia kiraka kwa nyuma. Kiraka kipya tulikifua kwanza, maana kisipofuliwa hujikunja baadaye na kurarua cha zamani, kama Bwana wetu alivyoonya katika Marko 2:21. Pembe iliyofura tuliikunja kidogo na kuushonea mkunjo huo. Mistari iliyopinda tuliiacha. Kisha tukaweka blanketi jepesi katikati na bitana chini, tukapiga bandi tabaka zote tatu, kuanzia katikati kwenda kandoni.

Swali lile halifai kuulizwa na mtu mmoja. Peke yangu, kila kasoro ya mama niliiita urithi. Peke yake, mke wangu kila moja aliiita kosa.

Wapendwa, mwenzako naye alianzwa na mikono mingine, nawe umempokea akiwa hajakamilika. Anavyocheka, anavyokula, anavyopanga sufuria: hiyo ni mistari iliyopinda. Iache. Lakini ulevi, vipigo na mshahara unaofichwa ni mpasuko. Anayejitetea kwamba ndivyo alivyolelewa aambiwe wazi kuwa hapo panararuka, na watoto ndio watakaolala kwa baridi. Mkishindwa wawili, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa au mwoneni paroko. Na anayepigwa asingoje. Kwanza atafute mahali pa usalama.

Leo usiku, watoto wakisha kulala, kila mmoja ataje kasoro moja ya mwenzake ambayo hataifumua tena, na moja yake mwenyewe inayorarua nyumba. Anzeni na ya kwenu wenyewe.

Tandiko la mama sasa liko kitandani kwa kifungua mimba wetu. Bado limepinda, lakini lina joto.