Baruti Jikoni, na Jirani Asiyejua



Mahindi yakianza kutoa mbelewele, mazungumzo ya chini ya mwembe baada ya Misa hubadilika. Hatuzungumzi tena habari za bei ya korosho wala za kwaya. Tunazungumza habari za nguruwe: wameingia kwa nani, wamemaliza vitaru vingapi, na nani bado ana gobole linalolia. Katika mazungumzo hayo, mzee mmoja aliuliza swali mbele yetu sote. Alisema, "Mimi nimeweka baruti nyumbani tangu ujana wangu. Haijamchoma mtu, haijaua hata kuku. Dhambi yangu iko wapi?" Padre alicheka, akasema swali hilo aulizwe yule anayejifanya mwandishi wa gazeti la parishi. Basi nimekuwa na deni, nami ninajaribu kulilipa.

Kwanza nisiwadharau wenye magobole. Asiyewahi kulala kwenye dungu shambani, akisikia kundi la nguruwe likivunja mihogo gizani, asiwe mwepesi wa kuhukumu. Usiku mmoja unatosha kumaliza chakula cha miezi. Upande wetu huu wa Nachingwea na Ruangwa, kama ule wa Liwale, wanyama ni wengi, na si kwa bahati tu. Baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 na njaa iliyofuata, watu walipungua na pori likarudi mahali palipokuwa na vijiji. Mababu zetu walishika bunduki kwa sababu walikuwa na watoto wa kulisha.

Wala baruti si kitu kigeni katika historia ya Kanisa letu. Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani na kuwapa makao Masasi mwaka 1876, njia waliyoifuata kutoka pwani ilikuwa njia ya biashara. Katika njia kama hiyo vitambaa, bunduki na vipipa vya baruti viliingia bara, na pembe za ndovu na watu zikatoka. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels na kupatana juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na katika mapatano yale waliandika habari za bunduki na baruti pia. Waliagiza kwamba baruti iingiayo iwekwe katika ghala la serikali, na isitolewe pasipo ruhusa. Sina haja ya kuwasifu. Wengi wao walikuwa wakigawana nchi zetu wakati uleule. Lakini jambo moja waliliona: ni hatari kubwa zaidi baruti ikikaa mahali ambapo hakuna ajuaye.

Sasa tuitazame baruti yenyewe jinsi inavyokaa katika nyumba zetu. Adui wake wa kwanza ni unyevu. Ikipata unyevu huharibika, na mwenye gobole anajua aibu ya kufyatua mbele ya nguruwe na kusikia fataki tu. Kwa hiyo huitafutia mahali pakavu. Na katika nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, wakati wa masika, mahali pakavu kuliko pote ni wapi? Ni juu ya mafiga, kwenye kichanja tunapokausha mbegu. Hivyo mtu mwenye akili timamu, anayetafuta ukavu, huipeleka baruti yake juu ya moto.

Adui wa pili ni cheche, na cheche ndogo inatosha. Baruti ikimwagika mahali pa wazi huwaka mara moja kwa mwako mkubwa na moshi, na kuunguza aliye karibu. Ikiwa imefungwa ndani ya kitu kigumu, moshi na joto hukosa pa kutokea, na kile chombo hupasuka na kurusha vipande. Ndiyo maana kopo la bati lililokazwa kifuniko, ambalo wengi huliona kuwa ni salama zaidi, laweza kuwa baya zaidi. Tena wengine huweka fataki katika mfuko huohuo pamoja na baruti. Wengine huimimina katika chupa ya soda au kopo la majani ya chai, na mtoto hukuta ungaunga mweusi usio na jina.

Wazee walikuwa na neno zuri. Kipimo kimoja cha baruti ya kushindilia mtutuni waliita "kiasi". Ni neno lilelile ambalo Mtakatifu Paulo, katika Biblia yetu ya Kiswahili, amelitia mwisho wa tunda la Roho. Sijui kama wafasiri waliwaza habari za bunduki. Lakini mwenye gobole hujua vizuri kiasi cha mtutu wake, kwa kuwa akizidisha utampasukia usoni. Kiasi cha nyumbani ndicho asichokipima.

Hapa nirudi kwenye swali. Tuseme kuna watu wawili, majirani. Kila mmoja ana pembe ya baruti juu ya mafiga. Wote wawili wanapenda watoto wao, na wote wawili wamekwisha kuonywa na wake zao. Usiku mmoja upepo wavuma, cheche yaruka katika jiko la wa kwanza, na mtoto wa jirani aungua. Katika jiko la wa pili cheche yaruka vilevile, lakini yaanguka katika chungu cha maji. Wa kwanza twamwita mzembe, pengine twamwita mwuaji. Wa pili twamwita mzee wetu, na Jumapili twampa sahani ya sadaka aizungushe. Wamepitana kwa nini? Kwa upepo tu.

Zamani nilidhani jambo hili halina jibu. Lakini someni Kutoka, sura ya 21, habari za ng'ombe mwenye pembe kali. Torati haiulizi tu kama ng'ombe ameua. Yauliza kama mwenyewe alikuwa amekwisha kuonywa, asimfunge. Kisha someni Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8, mahali ambapo mtu ajengaye nyumba mpya anaagizwa kuzungushia ukuta mdogo juu ya dari, asije mtu akaanguka. Torati haingoji mtu aanguke. Siku ya kwanza, dari ikiwa haina ukuta, mwenye nyumba ana kosa tayari, hata kama hakuna aliyepanda juu. Kwa hiyo namjibu mzee wetu hivi: kosa lako halikungoja mtu aungue. Liko pale kwenye kichanja tangu ulipopajua kuwa pabaya ukapaacha.

Labda mtu atasema: basi wale wawili wako sawa kabisa? La, sisemi hivyo. Katika Kutoka 22:6 mtu aliyewasha moto, ukashika miiba na kula ngano ya mwenzake, lazima alipe. Aliyeunguza ana deni kwa mtu mwenye jina na uso, na deni hilo atalibeba. Wa pili hana deni la namna hiyo. Lakini asijivunie usafi wake. Alicho nacho ni nafasi, na mwenzake hana tena nafasi hiyo.

Mwingine atasema: mbona twaweka petroli ya pikipiki katika dumu, na mitungi ya gesi jikoni? Ni kweli, na wenye madumu chini ya vitanda wajisomee hapa pia. Ila iko tofauti moja kubwa. Mtungi wa gesi kila mtu anauona. Baruti ya gobole lisilo na leseni imefichwa, na kufichwa kwake ni nusu ya hatari.

Nitaeleza habari ya nyumbani kwetu. Babu yangu alikuwa na pembe ya baruti juu ya mafiga. Usiku mmoja paa la jiko lilishika moto. Majirani walikuja mbio na madebe ya maji, kama desturi yetu ilivyo. Babu alisimama njiani akapiga kelele, "Rudini! Rudini!" Lakini hakusema kwa sababu gani, kwa kuwa gobole halikuwa na kibali, na kati ya waliokuja alikuwamo mtu aliyemwogopa. Watu walidhani amechanganyikiwa kwa uchungu. Kijana mmoja alimpita, akaingia kutoa kapu la mbegu la bibi. Alipokuwa akitoka, pembe ilipasuka nyuma yake. Aliungua mgongo, na sikio lake moja halikusikia tena sawasawa. Kila mavuno babu alimpelekea kikapu cha mahindi, naye alikipokea. Hawakuwahi kuzungumza sababu yake. Ningependa kusema kwamba babu aliungama, lakini sijui, na si haki yangu kujua.

Yule kijana hakuchagua hatari ile. Aliingia akidhani ni moto wa kawaida. Hapo ndipo nionapo kiini cha swali letu: mwenye baruti ameweka rehani mwili wa jirani yake pasipo kumwuliza.

Hata jeshi lenye walinzi na maghala halikuepukana na balaa. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la kambi ya jeshi Mbagala, Dar es Salaam, na tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka tena Gongo la Mboto. Kila mara watu zaidi ya 20 walikufa, na maelfu wakakimbia nyumba zao. Ikiwa mahali penye kufuli na askari yaweza kutokea hayo, kichanja cha jikoni kina ulinzi gani? Sisi wa Nachingwea tumewahi kukaa jirani na silaha nyingi, wakati FRELIMO walipokuwa na kambi yao ya mafunzo hapa kwetu, hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Lakini kambi ile ilijulikana. Taifa lilikuwa limekubali kuibeba hatari ile kwa ajili ya ndugu zetu, na mpita njia alijua kwamba hapa ni jeshini.

Basi mwenye nguruwe shambani afanye nini? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwenye silaha awe na leseni na aitunze mahali salama. Wachimbaji wadogo wa wilaya zetu mbili nao wanajua kwamba baruti ya migodini ina sheria yake na stoo zake, mbali na watu. Kwa nguruwe na tembo yuko Afisa Wanyamapori wa wilaya. Najua mtasema haji upesi. Hilo tuliseme wazi katika mikutano ya kijiji, tena kwa sauti kubwa, maana mtu aliyeachwa peke yake na nguruwe atarudi kwenye pembe yake, hata tukimhubiria kila Jumapili.

Kwa aliye nayo sasa hivi, naomba mambo machache. Iondoke jikoni leo, wakati moto umezimwa, mafiga yamepoa, na pasiwe na sigara wala kibatari karibu. Isikae pamoja na fataki, wala karibu na watoto. Usiipakie kwenye bodaboda kuipeleka polisi. Nenda wewe kwanza, waeleze, waje wenyewe. Na tafadhali, isiletwe sakristia. Mtu mmoja alikwisha kuuliza kama yaweza kukaa pale hadi Padre arudi safari. Haiwezi.

Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, lakini haviko siku zote, na hofu ya kushikwa ni ya kweli. Mzee aliyeuliza swali ameniambia yuko tayari, ila anaogopa kwenda peke yake. Padre amekubali kwenda naye, na kuulizia kwanza utaratibu kabla ya kutaja jina la mtu. Wengine wenye nia hiyo wamwone Padre baada ya Misa ya asubuhi, au siku yoyote jioni nyumbani kwake, kabla ya mwezi huu kwisha.