Matangi Mawili na Njia ya Newton

Mhandisi kijana alikuwa akiijaribu programu yake kabla ya kuikabidhi mtandao mzima wa mabomba. Jaribio lilikuwa jepesi: matangi mawili, bomba moja kati yao, kompyuta itafute tofauti ya kina ambapo maji yatatulia. Jibu linajulikana, ni sifuri.

Alitumia njia ya Newton. Unaanza na kadirio, unachora tanjenti, unaifuata hadi inapokata sifuri. Hapo ndipo lilipo kadirio jipya. Mchoro ukiwa laini, mteremko wake usipokuwa sifuri penye jibu, na kadirio likiwa karibu, tarakimu sahihi huongezeka takriban maradufu kila hatua. Naipenda njia hii kwa dhati.

Ila maji yakipita bombani kwa msukosuko, mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya kina. Kwenye sifuri, maji yanapogeuza mwelekeo, mchoro husimama wima na mteremko hauna ukomo. Kijana alianza na mita 4. Kipeuo ni 2, mteremko ni robo; 2 kugawanya kwa robo ni 8; 4 kutoa 8 ni hasi 4. Hatua iliyofuata ikamrudisha kwenye 4. Programu ikarukaruka hivyo hadi idadi ya hatua alizoiruhusu ikaisha, kisha ikachapa namba ya mwisho kama jibu, bila onyo lolote.

“Hiyo namba umeirudisha kwenye mlinganyo?” mkuu wake akauliza.

“Bado, mzee.”

“Irudishe.”

Mtiririko ulikuwa 2, si sifuri. Ukaguzi wa mstari mmoja, nao haukuwa umeandikwa! Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu kwenye mtandao halisi hakuna anayelijua jibu mapema.

Mwaka 1993 wanahisabati Liqun Qi na Jie Sun walionyesha kwamba njia ya Newton huweza kufaa hata mchoro ukiwa na kona, ukichagua mteremko mmojawapo kati ya inayokutana hapo. Lakini mteremko lazima uwe na ukomo, na wa matangi hauna.

Kijana akaweka mipaka, hasi 4 na 6, ambako maji huenda pande tofauti. Newton akishindwa kupunguza mtiririko uliobaki, nafasi kati ya mipaka hiyo inakatwa nusu. Mita 10 zikikatwa mara 10 hubaki chini ya sentimita 1. Sasa kila jibu huchapwa pamoja na mtiririko uliobaki, na lisipopatikana, programu husema halijapatikana.