Pole Hata Jirani Anasema

Mama wa mtoto aliniuliza swali moja tu, na sikuwa na jibu. Tulikuwa tumesimama nje ya zahanati moja huku Kayole, Jumapili jioni, mtoto wake yuko ndani anashonwa juu ya nyusi. Nilikuwa nimeshasema "pole" labda mara kumi. Pole mama. Pole sana. Aki pole. Akaniangalia, akasema, "Pole hata jirani anasema. Wewe unasema nini?"

Kabla sijafika kwa swali lake, wacha niseme kuhusu ndege.

Ndege yangu haina mkia wala tumbo. Ni bawa tupu, pembe tatu iliyonenepa katikati, na watoto wa uwanjani waliiita Samosa siku ya kwanza tu walipoiona. Mwili ni ile foamu nyeupe inayokuja ndani ya kartoni ya televisheni. Maduka ya Luthuli Avenue huitupa, na ukipita jioni wakati wanafunga unapewa bure. Niliikata kwa waya wa hita iliyoharibika, nikiupasha moto kwa chaja ya zamani. Chumba kizima kilinuka wiki nzima na mwenye plot akaja kuuliza kama napika plastiki. Vile visukani viwili vya nyuma nilivikata kwa bango la mgombea wa uchaguzi wa 2022. Cha kushoto kina nusu ya tabasamu lake, na nadhani hiyo ndiyo kazi ya maana zaidi ambayo bango hilo limewahi kufanya mtaani. Ndani kuna vijiti vya mwanzi, nje kuna tepu ya kahawia ya kufungia makartoni. Mota, servo mbili za gramu 9 na rimoti niliagiza China, vikafika baada ya wiki tano. Betri ni seli tatu za laptopu iliyokufa. Kwa jumla, kama shilingi 12,000, na zaidi ya nusu yake ni rimoti.

Bawa tupu lina tabia moja: halisamehi kosa la uzito. Ndege ya kawaida ina mkia unaoirekebisha ikianza kuyumba. Bawa halina wa kulirekebisha. Uzito ukikaa nyuma kidogo tu, pua inainuka na ndege inapinduka kabla hujageuza kidole. Kwa hivyo uzito lazima uwe mbele, halafu ukingo wa nyuma uinuliwe kiasi ili pua isizame. Yangu ilikataa kuruka kwa wiki mbili. Mwishowe nilichukua sarafu tatu za bob ishirini, nikazibandika kwa tepu kwenye ncha ya pua. Ikaruka. Zikumbuke hizo sarafu.

Kama hujawahi kurusha kitu ulichokitengeneza mwenyewe sitaweza kukueleza vizuri. Uwanja wetu umezungukwa na magorofa pande tatu, na upande wa nne ni ukuta. Huku Eastlands uwanja ukibaki wazi watu wanaanza kuulizana ni wa nani, na jibu likikosekana, mabati yanawekwa usiku. Huu umebaki, sijui kwa nini. Unairusha Samosa kwa mkono, inazama kidogo, halafu mota inaishika na inapanda juu ya kamba za nguo na matangi ya maji, na wazee wanaocheza drafti wanaacha mchezo kutazama. Watoto wanakimbiza kivuli chake. Kwa dakika nane hivi, hakuna mtu uwanjani anayefikiria rent.

Sasa kosa. Risiva, kile kidude ndani ya ndege kinachopokea mawimbi ya rimoti, ina mpangilio wa dharura. Ikipoteza mawimbi, inaweza kuamriwa izime mota ndege ishuke pole pole. Lakini lazima uiseti mwenyewe. Usipoiseti, ya aina yangu inashikilia amri ya mwisho: kama ulikuwa unakata kona kwa nusu ya kasi, itaendelea kukata kona kwa nusu ya kasi mpaka ipate kitu cha kugonga. Kuiseti ni kazi ya dakika mbili. Nilijua. Nilikuwa nimesoma, nikamweleza hata rafiki yangu ambaye tunaishi plot moja na ambaye ana ndege kama yangu. Wote wawili tulisema tutaseti kesho.

Miezi miwili kabla ya Jumapili ile, ndege yake ilipita nyuma ya gorofa, ikapoteza mawimbi, ikazunguka zunguka na kwenda kujigonga kwenye bati la kanisa katikati ya maombi. Pasta alitoka nje akiangalia juu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi ndiye niliyepiga video. Hadi leo hiyo stori inapigwa kwa kinyozi, na kila ikipigwa inaongezwa chumvi. Siku hizi kuna waumini wawili waliookoka kwa sababu ya ule mlio.

Yangu ilipita nyuma ya gorofa ileile. Nikasikia mlio wa mota ukipotea, halafu ukarudi upande mwingine, na nikajua kwamba vidole vyangu havifanyi kitu. Ilirudi ikikata kona, ikishuka, taratibu kabisa, kama mtu asiye na haraka. Watoto walikuwa wamekaa kwenye kingo za mtaro, mahali wanapokaa kila Jumapili. Wengine walilala chini. Mmoja, wa gredi ya nne, alibaki amesimama kwa sababu alidhani naileta kwao makusudi, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote kuwafurahisha. Pua ilimpata juu ya jicho la kulia. Si foamu iliyompasua. Ni zile sarafu.

Kitu cha kwanza ambacho watu walisema ni, "Lakini si ni foamu tu?" Samosa ina gramu 600, na ilikuwa inaenda labda kilomita 60 kwa saa. Nilikuja kupiga hesabu baadaye: nguvu hiyo ni sawa na kuangusha kitu cha gramu 600 kutoka urefu wa mita 14 hivi, yaani balcony ya gorofa ya nne. Mtu yeyote aliyelelewa Eastlands anajua kutembea mbali na balcony.

Kitu cha pili walichosema ni, "Ajali haina kinga." Walisema kwa wema. Bodaboda aliyetupeleka zahanati alisema, nesi alisema, rafiki yangu alisema mara tatu. Ni methali inayosaidia sana usiku ule wa kwanza. Lakini angalia historia yake barabarani. Kwa miaka mingi matatu zilipoanguka tulisema hivyohivyo, ni mapenzi ya Mungu, ajali haina kinga. Halafu Februari 2004 zikaanza sheria za Michuki: mikanda kwenye kila kiti, na vidhibiti mwendo vya kuzuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Kila mtu mzima anakumbuka tulivyotembea kwenda kazini mgomo ulipoitishwa. Hazikumaliza ajali, na baadaye zililegezwa na hongo kama kila kitu. Lakini hakuna aliyewahi kufunga mkanda kisha akasema kwa moyo safi kwamba ajali haina kinga. Kinga ilikuwepo. Ilikuwa inagharimu pesa na dakika kadhaa.

(Nitaje na sheria za angani, maana kuna atakayeuliza. Kanuni za 2020 zinataka vyombo visivyo na rubani visajiliwe na mamlaka ya usafiri wa anga, visipite futi 400, na vikae mbali na viwanja vya ndege. Na sisi tuna Moi Air Base palepale Eastleigh. Sikuwa na kibali chochote. Hilo ni kosa lingine na sijifichi. Ila kibali hakingeiseti risiva.)

Kwa hivyo tatizo langu halikuwa kama nina kosa. Tatizo langu lilikuwa rafiki yangu. Tulifanya uzembe uleule, kwa kifaa kilekile, nyuma ya gorofa ileile. Yeye akapata stori ya kuchekesha, mimi nikapata mtoto anayeshonwa nyuzi tano. Usiku ule nilimwambia, "Hii bill tugawane." Akakataa. Si kwa ubaya. Alisema, "Bro, yangu haikugonga mtu. Ukianza hivyo, si utalipisha kila mtu Nairobi ambaye angegonga mtoto na hakugonga?"

Nilikasirika, halafu nikaona kwamba sina jibu.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika juu ya jambo hilihili: nafasi ya bahati katika maadili. Nagel anazungumzia dereva ambaye hakukagua breki. Mtoto akijitupa barabarani, dereva huyo anabeba kifo maisha yake yote. Mtoto asipotokea, anafika nyumbani, anakula, analala. Breki ni zilezile. Kama tunamhukumu mtu kwa kile kilicho mikononi mwake, wale wawili wako sawa. Na bado hakuna anayewatendea sawa, hata sheria. Sheria yetu ya Trafiki, kifungu cha 46, inampa hadi miaka 10 jela aliyeua kwa kuendesha vibaya. Uendeshaji uleule usioua una kifungu chake, na adhabu yake ni nyepesi zaidi.

Williams ana dereva mwingine, wa lori, ambaye hana kosa lolote na amegonga mtoto. Watu watamwambia si kosa lako, na wako sawa. Lakini dereva akikubali haraka mno, awashe gari aende zake, tutamshangaa. Tunatarajia asimame mahali tofauti na watu waliokuwa wanapita.

Hapa ndipo swali la mama lilinirudia, kwa sababu naona alikuwa amefika huko kabla ya hao maprofesa, akiwa na harufu ya unga wa chapati mikononi. Kiswahili kina "pole" na kina "nisamehe," na sisi tunazichanganya. Pole ni ya kila mtu. Umefiwa, pole. Umenyeshewa, pole. Umetoka kazini, pole na kazi. Anayesema pole anasimama upande wako, na hajakukosea kitu. Ndiyo maana ni neno tamu, na ndiyo maana nililikimbilia. Niliposema pole pale zahanati nilikuwa nimejipanga kwenye foleni moja na nesi na bodaboda, wote tukimsikitikia mtoto aliyepatwa na bahati mbaya. Mama aliniona nimejificha kwenye foleni hiyo akanitoa.

Baada ya siku kadhaa nilirudi kwa rafiki yangu na kumwambia yuko sawa kuhusu bill. Bado naamini hivyo. Kosa letu ni moja, wala langu si kubwa kuliko lake kwa sababu ya upepo na mahali mtoto alikuwa amesimama. Lakini deni si kitu kimoja na kosa. Deni lina mdai, na mdai ana sura. Wangu ana nyuzi tano na mama anayeuza chapati na madondo kona ya stage. Kanisa halikudai kitu, bati halikutoboka. Siwezi kumwambia alipe deni ambalo hakuna mtu wa kulipokea.

Kitu pekee nilichomnyima ni kicheko. Alianza tena ile stori ya pasta nikamwambia sicheki tena, kwa sababu ile haikuwa stori ya bati. Ilikuwa stori ya mtoto ambaye siku hiyo alikuwa amekaa kwingine. Tulinyamaziana karibu wiki mbili. Sijui kama nilimtendea haki. Kuna raha fulani ya kichoyo katika kumfanya mwenzako ahisi vibaya kama wewe, na sitasema haikuwepo. Lakini siku moja nilimkuta kwenye ngazi na rimoti yake, anasoma maagizo kwenye simu. Hakuniambia anachofanya. Nilipita.

Kwa mama nilienda Jumatano, mchana, wakati hakuna wateja wengi. Nilisimama upande wa wateja, nikasema: "Mama, ni mimi nilimuumiza. Nilijua kuna kitu cha kuseti na sikuseti. Nisamehe." Aliendelea kugeuza chapati. Akauliza hicho kitu kinachukua muda gani kuseti. Nikasema dakika mbili. Hapo ndipo alinyamaza kwa muda mrefu, na kusema kweli ningependelea anitukane. Halafu akasema nyuzi zinatolewa Jumamosi, nifike saa tatu, nisichelewe, na nije na nauli.

Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Siku hizi watoto wanakaa nyuma yangu, na kabla ya kurusha nazima rimoti mbele yao ndege ikiwa chini ili waone mota ikifa. Wanaipenda hiyo sehemu, wanapiga makofi. Pua ni sponji ya godoro. Sarafu nilizisogeza ndani, nyuma ya betri ya mbele.

Yule mtoto alirudi uwanjani mwezi uliopita, mama yake akiwa amesimama pale ukutani na mikono kifuani. Alama yake inaonekana. Aliiangalia Samosa kwa makini, akaibonyeza pua, akauliza zile pesa ziko wapi. Nikamwonyesha. Akasema, "Hizo ni zangu, ama?"

Nikabandua tepu, nikampa zote tatu. Alizihesabu, akazitia mfukoni, akaenda kukaa na wengine. Bila zile sarafu ndege haingeruka, kwa hivyo ilibidi nichimbe foamu kidogo na kisu, nisogeze betri mbele.