Anayekumbuka kwa Niaba Yetu

Fikiria mtoto wa miaka 7 akiwa kitandani hospitalini, jijini London, miaka ya 1960. Mwanamume na mwanamke wanaingia, wanamtazama kwa upendo, naye anawaona kama wageni. Homa ya uti wa mgongo imemwachia uhai lakini imefuta hata sura za wazazi wake. Hana budi kuwaamini tu wanapomwambia kwamba yeye ni mtoto wao.

Mtoto huyo ni John Lydon. Mwaka 1975 alijiunga na Sex Pistols, bendi ya panki iliyowatikisa Waingereza kabla ya kuvunjika Januari 1978. Wengi walisikia hasira yake. Ni wangapi walijua kwamba kumbukumbu zake zilichukua miaka kurudi?

Mwenzake, mpiga gitaa Steve Jones, alikuwa na jeraha lake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2016, akiwa ameshapita miaka 60, alisimulia jinsi baba wa kambo alivyomdhalilisha kijinsia utotoni. Mtu aliyeumizwa namna hii tusimharakishe kusamehe. Msamaha haumtaki aliyeumizwa anyamaze, na Mungu husikiliza hata habari iliyochelewa nusu karne. Je, kuna jambo ambalo hujawahi kumwambia yeyote?

Tukirudi kwa Lydon, alimwoa Nora Forster mwaka 1979. Nora alipopatwa na ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, mumewe ndiye aliyemuuguza nyumbani, siku baada ya siku, hadi alipofariki Aprili 2023. Miezi michache kabla ya hapo Lydon alikuwa amemtungia wimbo kuhusu siku zao njema za Hawaii. Aliyewahi kuwasahau wazazi wake sasa alikuwa akikumbuka kwa niaba ya mkewe. Mapenzi hayo hayakumaliza kila ugomvi: mwaka 2021 yeye na wenzake wa zamani wa bendi walifikishana mahakamani. Hata hivyo, uaminifu wake kwa Nora ulikuwa wa kweli.

Nabii Isaya anatuambia kwamba hata mama akimsahau mwanawe, Mungu hatusahau. Naamini Mungu hutimiza neno hilo pia kwa mikono ya watu wanaobaki kando ya kitanda.

Juma hili, mtembelee mzee wako aliyeanza kusahau. Usimpime kwa kumuuliza kama anakukumbuka. Mwambie wewe ni nani, kisha ukae naye.